Namna ya Kuzipitia Safari Zako za Mwaka Mzima

Miaka mitatu nyuma nilikaa barazani kwa mama yangu, Konde, kaskazini ya Pemba, nikamwambia kwa kujiamini kwamba katika mwaka uliokwisha nilikuja kumtazama mara sita. Mama akahesabu kwa vidole, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, umekuja mara nne. Na mara moja katika hizo hukulala." Alikuwa sawa. Safari mbili nilizozizidisha zilikuwa za kikazi, ambazo niliishia Chake Chake na kurejea Unguja bila ya kufika kwake, lakini kwa kuwa nilivuka bahari na kukanyaga Pemba, kichwa changu kilikuwa kimekwishaziandika katika hesabu ya mama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizipitia safari zangu kila mwaka kwa utaratibu ambao nimeurekebisha mara kadhaa, na ndio ninaoueleza hapa. Unamfaa zaidi mtu aliye kama mimi, anayeishi kisiwa kimoja na jamaa zake wako kisiwa cha pili, na ambaye safari zake nyingi si za matembezi bali ni za harusi, mazishi, kumtazama mgonjwa, karafuu na kazi.

Safari ipi ihesabiwe

Ukimuuliza Mzanzibari wa kawaida kama amesafiri mwaka huu, aghalabu atakujibu kwamba hakusafiri, au atakutajia Dar es Salaam, Maskati, Dubai au Umra, na yote aliyoyavuka baina ya bandari ya Malindi, Unguja, na ya Mkoani, Pemba, hayatatajwa. Naona hili ni kosa, na ndilo linalozifanya hesabu zetu ziwe pungufu tangu mwanzo. Baina ya Unguja na Pemba kuna kiasi cha kilomita 50 za bahari, na mtu anayezivuka hufunga mzigo, huaga, hukata tiketi na huombewa dua kama msafiri mwengine yeyote. Kanuni yangu ni kwamba nahesabu kila safari iliyonivusha bahari, hata kama ni kwa mashua kutoka Mkokotoni hadi Tumbatu, na kila safari ya nchi kavu iliyonifanya nilale nje ya nyumba yangu au niliyoikusudia kwa ajili ya mtu maalumu. Kupanda daladala ya 310 kwenda Makunduchi kumtazama mzazi ni safari. Kwenda Makunduchi na kurudi kwa shughuli ya ofisi bila ya kumbisha hodi mtu yeyote, hiyo siihesabu.

Kuupanga mwaka kwa miongo

Mwanzoni niliigawa karatasi kwa miezi kumi na miwili, na sikufanikiwa. Mwezi ni mpana mno, kwani mtu anaweza kusafiri mara tatu ndani yake na zote zikachanganyika. Siku moja moja nazo ni nyembamba mno, kwa sababu ni wachache wanaokumbuka tarehe kamili. Dawa yake nimeipata kwa wazee wetu. Mabaharia na wakulima wa mwambao walikuwa wakiuhesabu mwaka kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi wanaiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku hizi wengi wanalijua neno mwongo kwa maana ya miaka kumi tu, lakini mkulima aliyetaka kujua lini apande, na nahodha aliyetaka kujua lini upepo utageuka, walihesabu siku kumi kumi. Mwaka wao una siku 365, kwa hiyo unapata miongo 36 na siku tano za ziada.

Chukua daftari, piga mistari 36, ongeza mmoja mfupi kwa zile siku tano, kisha andika pembeni ya kila mstari tarehe ya kuanzia na ya kumalizia kwa kalenda ya ukutani. Kuanzia Julai kuna faida nyengine kwa mtumishi wa Serikali, kwa sababu mwaka wa fedha nao huanza tarehe mosi ya mwezi huo, na barua za likizo na za safari za kikazi hupangika karibu sawa na mistari yako.

Kukusanya ushahidi

Anza na vitu vyenye tarehe. Tiketi za boti na za ndege, mihuri ya pasipoti kwa aliyetoka nje ya nchi, ujumbe wa malipo ya simu, barua za ruhusa, kadi za mialiko ya harusi na vyeti vya hospitali, vyote vimwage juu ya mkeka na uvipange kwa miongo. Tiketi nyingi za siku hizi huchapwa kwa karatasi inayofifia kwa joto, na ukiiacha ndani ya pochi kwa msimu mmoja wa kaskazi utaikuta nyeupe. Kwa hiyo ipige picha siku ile ile unayosafiri. Gari za shamba, yaani daladala za vijijini, hazina tiketi, na usitegemee kupata ushahidi wake isipokuwa kwa njia nitakazozieleza mbele.

Picha za simu ni msaada mkubwa, ila zina mtego wake. Picha uliyoipiga mwenyewe huhifadhi siku na saa, lakini uliyotumiwa na jamaa kwa WhatsApp mara nyingi huonesha siku uliyoipokea. Mimi niliwahi kuiweka harusi ya Wete katika mwongo usiokuwa wake kwa sababu binamu yangu alichelewa wiki tatu kunitumia picha. Kagua pia saa. Tiketi inaandika 07:00 na wewe unakumbuka saa moja asubuhi. Hakuna tatizo hapo, lakini ukimwandikia jamaa aliye ng'ambo na ukasahau kuigeuza saa ya Kiswahili, mtatofautiana kwa saa sita na kila mmoja atamwona mwenzake ndiye aliyekosea.

Pale ambapo hakuna karatasi

Hapa ndipo kazi inaponoga, na ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Usijilazimishe kukumbuka tarehe. Jiulize badala yake upepo ulikuwa upi, mwezi ulikuwa wapi, na maji yalikuwaje.

Upepo unaugawa mwaka kwa mafungu makubwa. Kaskazi huvuma kuanzia kiasi cha Disemba hadi Machi na huja na joto. Masika hufuata kwa mvua zake nzito hadi Mei. Kusi hushika baada ya hapo, likileta ubaridi wa kipupwe katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Halafu vuli huja kuanzia Oktoba. Ukikumbuka kwamba ulitapika njia nzima baada ya kuupita mkondo wa Nungwi, na kwamba ulijifunga kanga ya pili kwa baridi, basi umekwishaondoa nusu ya mistari ya daftari.

Kisha ingia katika mifunguo, yaani miezi ya Kiislamu inayohesabiwa tangu Ramadhani inapokwisha. Wazee wetu ni nadra kusema Aprili au Juni wanapokumbuka jambo; watakwambia ilikuwa Rajabu, au Mfunguo Mosi, au Mfunguo Sita siku za maulidi. Kumbukumbu za namna hii ni imara kwa sababu zimefungwa na ibada na vyakula. Jambo la kuangalia ni kwamba mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo kila mfunguo hurudi nyuma kwa kiasi cha siku kumi na moja katika kalenda ya ukutani, na mwezi wa Ramadhani wa mwaka huu haukai katika mwongo ule ule wa mwaka jana. Tumia kalenda ya mwaka husika, usikisie.

Tarehe za mfunguo zina faida moja kubwa kwa sisi tunaoishi pwani, nayo ni kwamba zinakupa na maji. Bamvu, yaani maji yanayojaa na kukupwa sana, huja karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, na maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, hukaa katikati yake. Nitatoa mfano wangu. Nilikumbuka kwamba nilikwenda Jambiani kwa shangazi yangu, lakini sikuwa na picha wala risiti. Nilichokuwa nacho ni mambo matatu: alinipa nyama ya kuchinja ya Idi Kubwa, upepo wa kusini ulikuwa ukipeperusha mchanga mpaka uani, na nilipofika kiasi cha saa nne asubuhi hakuwapo nyumbani, alikuwa bado yuko kwenye mwani na wenzake. Idi Kubwa ni mwezi kumi, yaani siku ya kumi, ya Mfunguo Tatu. Wakulima wa mwani huteremka pwani wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana, na kwa upande wetu maji makavu ya bamvu huangukia katikati ya asubuhi. Bamvu la kwanza baada ya Idi ni lile la mwezi mpevu, baina ya mwezi kumi na nne na mwezi kumi na saba. Nilipofungua kalenda, siku hizo nne zote zilikuwa ndani ya mwongo wa 33, na safari ikapata mstari wake.

Kuna kosa moja ambalo limenipotezea muda mwingi na ningependa likuepuke. Kwa hesabu ya wazee siku huanza magharibi. Bibi akikwambia ulifika usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisini ni Alhamisi. Uliza kila mara kama ni usiku wa kuamkia siku hiyo au usiku unaoifuata, hasa mstari unapokuwa mpakani mwa miongo miwili.

Kuwauliza waliokupokea

Usiwaulize kwa simu kwa haraka, wala usiwaulize msibani. Nenda, amkia, kaa, na uache habari zijitokeze zenyewe. Mwenyeji hukumbuka mambo ambayo mgeni huyasahau: kama ulilala, ulikula nini, ulikuja na nini mkononi, na ulikuwa na haraka kiasi gani. Vijana waliokuja kukupokea Mkoani kwenye gati ni mashahidi wazuri wa mizigo, kwa sababu wao ndio walioibeba.

Kuujaza kila mstari

Kwa kila safari mimi huandika nilikwenda wapi, nilimwendea nani, nililala siku ngapi, nilipeleka nini na nilirudi na nini. Gharama naziandika kwa ufupi, nauli mbali na zawadi, kwa kuwa kwangu zawadi na michango ya shughuli mara nyingi huzidi nauli, na mtu anayepanga bajeti ya safari kwa bei ya tiketi peke yake anajidanganya.

Andika pia safari ulizoziahirisha. Meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, na ni vigumu kumpata Mpemba wa rika langu ambaye usiku ule haukumgusa kwa jamaa, jirani au mwalimu wake. Kwa hiyo tangazo la hali ya hewa linapotoka na ukaamua kubaki, iandike siku hiyo kwa heshima ile ile unayoiandikia safari iliyotimia, ukitaja upepo na sababu, ili mwaka ujao usiweke harusi au hitma ya familia katika mwongo ambao bahari imekwishakukatalia mara mbili.

Kulisoma daftari

Mistari ikijaa, funika safu ya mahali kwa kipande cha karatasi na usome majina ya watu peke yake, kutoka juu hadi chini. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliona kwamba mwajiri wangu alinisafirisha mara saba, mama nilimwendea mara nne, wafu watatu niliwazika, na ami yangu wa Micheweni, mkubwa wa baba yangu na aliyenilipia ada ya skuli, hakuwamo hata mara moja. Kutoka Konde hadi Micheweni ni mwendo mfupi wa gari. Nilikuwa karibu naye mara nne na sikwenda, na kila mara nilikuwa na sababu ambayo wakati ule niliiona ni nzuri.

Usifunge daftari hapo. Piga mistari 36 ya mwaka unaoanza siku hiyo hiyo, na kabla ya kuandika chochote cha kazi, weka kwanza majina yaliyokosekana, kila jina katika mwongo unaomfaa mwenyewe. Mgonjwa muweke mapema. Mzee muweke nje ya masika, ili asihangaike na matope kwa ajili ya kukusindikiza. Mwenye mikarafuu muweke msimu wa karafuu, utakapomkuta nyumbani na majamvi yameanikwa, ila ukate tiketi mapema na uende tayari kuchambua pamoja naye. Ami yangu nilimwandika mwongo wa 8, siku mbili za kulala, na nilipofika alikuwa amenitandikia jamvi kibarazani na pishi mbili za karafuu mbichi zikinisubiri.