Moshi wa kifuu kwenye mchuzi wa pweza
Huku Mtwara vifuu vya nazi tunavitupa jalalani, kumbe ndivyo vya kuutia mchuzi ladha ya moshi. Mchuzi wa pweza ukishaiva, ipua. Weka kibakuli kidogo cha bati katikati ya sufuria, kikae juu ya nyama, kisha tia humo kaa moja la kifuu lililokolea, jekundu kabisa. Lidondoshee samli nusu kijiko cha chai; litafuka pale pale, tsss! Funika haraka. Dakika 5 zinatosha. Mimi niliwahi kujisahau karibu nusu saa, mchuzi ukawa mchungu kama shubiri. Ila maganda ya korosho, hata kama yamejaa uani, usithubutu: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na koo.