Jinsi ya kulala ndani ya hifadhi bila kulipa hela za loji

Wabongo wengi ukiwaambia kulala Serengeti wanawaza hema lenye kitanda cha mninga na mhudumu anabisha hodi alfajiri na chai, bili inakuja kwa dola, basi wanaghairi hapohapo wanalala zao gesti Mto wa Mbu au Mugumu, wanaingia asubuhi jioni wanatoka, na saa nzuri zote za wanyama wameshazikosa. Ukweli ni kwamba TANAPA wenyewe, yaani shirika la hifadhi za taifa, wana sehemu zao za kulala humohumo ndani, kuna mabanda (vijumba vya kujipikia), kuna resthausi, kuna hosteli na kuna kempsaiti, na raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje. Kasoro yake ni kwamba huduma ni wewe mwenyewe: resepsheni wewe, mpishi wewe, na maji ya moto ni yale uliyobandika jikoni. Ukilikubali hilo, mengine yote ni kujipanga.

Anza na malipo maana hapo ndo watu wanakwama. Getini hawapokei keshi, unatengenezewa kontrol namba unalipa kwa simu, benki au kadi, sasa fikiria upo getini porini mtandao unasuasua afu hela yote ipo mfukoni kwa noti, kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu kabla hujatoka mjini, na ikiwezekana weka kwenye laini mbili tofauti. Unalipia mambo matatu: kiingilio cha kila kichwa, gari, na malazi, afu juu yake kuna VAT ambayo watu huwa hawaiweki kwenye bajeti. Bebeni vitambulisho, NIDA au pasipoti, wote mliomo kwenye gari, kwa sababu usipothibitisha uraia unaweza ukapigiwa bei ya mgeni na hapo safari yote inabadilika sura. Mkenya, Mganda, Mrwanda, Mrundi, na sasa Mkongo wa DRC pia tangu nchi yake iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, naye aje na kitambulisho chake.

Kitu kinachookoa hela kuliko vyote ni saa ya kuingia. Kibali ni cha saa 24 toka muda uliogongwa getini. Ukiingia saa 1 asubuhi ukalala, kesho yake saa 1 asubuhi inatakiwa uwe umeshatoka, yaani ile asubuhi ya pili umeipoteza yote labda ulipie siku nyingine. Lakini ukiingia saa 6 mchana, unapata jioni nzima, unalala, unaamka alfajiri unazunguka wakati simba bado wako barabarani, afu saa 4 unaanza kugeuza taratibu kuelekea getini, kiingilio kimoja umepata jioni na asubuhi. Na usipige hesabu ya kilomita peke yake, piga na hesabu ya tembo watakaoamua kusimama katikati ya barabara, maana huwezi kuwapigia honi.

Kwa Serengeti kuna jambo lingine. Ukitokea Arusha unapita Ngorongoro kwenda geti la Naabi, na Ngorongoro siyo TANAPA, ni mamlaka nyingine, una risiti yao ya kulipa hata kama unapita tu, na wakati wa kurudi hivohivo. Watu wa kanda ya ziwa wana bahati, geti la Ndabaka lipo palepale kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, unaingia moja kwa moja hifadhini. Hata wa Dar nawaambia, kama mna muda pitieni Mwanza.

Sasa ulale wapi. Kama una watoto au mama mkwe, chukua banda. Ruaha kuna mabanda pale Msembe karibu na mto, viboko unawasikia usiku kucha, ni sehemu nzuri sana na watu wachache wanaijua kwa sababu kila mtu anakimbilia kaskazini. Saadani ndo hifadhi yetu ya taifa ambayo nyika inagusana na fukwe za Bahari ya Hindi, ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, unaweza kuona twiga asubuhi na mchana ukaingia baharini. Gombe unafika kwa boti kutoka Kigoma, hakuna barabara, na madirisha ya resthausi yana wavu wa chuma, humo ndani wewe ndo umefungiwa na nyani ndo wako huru nje, usiache mlango wazi hata dakika moja. Asiye na gari aende Udzungwa, ile ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, basi la Ifakara linakushusha Mang'ula, unapiga hema karibu na makao makuu ya hifadhi afu kesho yake unapanda na mwongozaji kwenda kuona maporomoko ya Sanje, mita 170 za maji. Na Kilimanjaro njia ya Marangu ndo pekee yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, njia zingine zote ni hema, ila huko lazima uwe na mwongozaji, na Kibo hakuna maji, yanabebwa kutoka chini, kwa hiyo usitegemee hata kunawa uso.

Kenya nako KWS, shirika lao la wanyamapori, wana nyumba na mabanda ya kujipikia kwenye hifadhi zao, malipo ni kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali yao. Mtindo ni uleule.

Kabla ya kulipia banda piga simu ofisi ya hifadhi husika uulize maswali ya kijinga kabisa, usione aibu. Mashuka yapo? Chandarua kina matundu? Umeme ni wa sola au jenereta, na unazimwa saa ngapi? Maji yanatoka bombani au ya ndoo? Jiko lina gesi au nije na mtungi? Sufuria zipo? Choo ni cha ndani au cha nje? Hilo la choo liulize mara mbili, utalikumbuka saa 8 usiku.

Kempsaiti ziko za aina mbili. Ya kawaida ina choo, bafu la maji ya baridi, na sehemu ya kupikia, na mnakaa makundi tofauti. Ya maalumu, wanaita speshoo, mnakuwa peke yenu, ila jueni ni uwanja mtupu wenye jina, hakuna choo hakuna maji hakuna kitu, na bei yake ni kubwa kuliko ya kawaida, yaani unalipa zaidi ili upate pungufu. Kwa anayeanza aende ya kawaida. Pale Seronera, katikati ya Serengeti, zipo kadhaa jirani jirani, na hazina uzio, narudia, hazina uzio. Fisi anapita katikati ya mahema kama mlinzi anayezunguka lindo. Lile jiko limezungushiwa wavu wa chuma, hapo ndo pa kupikia, kulia na kuhifadhi chakula.

Ndani ya hema hakiingii chakula cha aina yoyote, hata biskuti ya mtoto, hata pipi kwenye mkoba wa dada. Tembo anasikia harufu ya chungwa toka mbali na hema kwake siyo kizuizi. Chakula chote kibaki kwenye lile jiko la wavu au kwenye gari lililofungwa vioo, na mchana usiache kioo wazi kwa sababu nyani na tumbili ndo kazi yao hiyo. Viatu ingiza ndani, fisi anatafuna ngozi. Hema lipige karibu na wenzako, gari weka pembeni yake, usilipige kwenye kijia ambacho nyasi zimelala, hicho ni cha viboko au tembo siyo cha binadamu.

Usiku funga zipu mpaka mwisho. Wanyama kwa kawaida hema lililofungwa wanaliona kama kitu kizima, wanalizunguka wanaendelea na mambo yao, balaa ni kuacha wazi eti joto, au kutoka nje kuchungulia. Simba akiunguruma sauti inasafiri kilomita nyingi, kwa hiyo hata ukihisi yuko nyuma ya mto wako inawezekana yuko mbali sana, kaa tu humohumo. Choo cha usiku: kunywa maji mapema, saa 2 usiku wote nendeni pamoja mkiwa na tochi, na ndani ya hema kila mtu awe na kopo lake lenye mfuniko, watu wanacheka likitajwa hili lakini usiku hakuna anayecheka. Ikibidi utoke, kwanza mulika pande zote taratibu, ukiona macho yanang'aa rudi ndani. Usikimbie, na usiite jina la mtu kwa kelele.

Baridi nayo msiidharau. Simba kempsaiti ya Ngorongoro ipo juu ukingoni mwa kreta, kama mita 2,300 hivi, mwezi wa 6 mpaka wa 8 mtu wa Dar analia. Blanketi zito, soksi, kofia, na godoro la chini, kwa sababu baridi inayoumiza ni ile inayotoka ardhini.

Chakula mimi nashauri mpike nyumbani kadri inavyowezekana, maharage yachemshwe yagandishwe, chapati zipikwe nyingi, pilipili na viungo vifungwe, afu huko ni kupasha tu kwenye mtungi mdogo wa gesi. Nyama choma muiache mjini. Kuni za kuokota usiguse bila kuuliza. Mkiishiwa kabisa, Seronera kuna kantini ya wafanyakazi, wali maharage unapata na bei ni ya kibinadamu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku nchini toka Juni 2019 kwa hiyo msije nayo, na droni bila kibali waachieni wenye vibali.

Nguo zisiwe nyeusi wala bluu, mbung'o wanazipenda hizo rangi na wanang'ata mpaka kwenye jinsi. Gari la juu lenye foo wili ni bora, ila Mikumi kiangazi watu wanaingia na gari dogo barabara kuu za ndani wanatoka salama, masika sahau, ule udongo mweusi hauna utani. Tafuteni abiria wa kutosha kujaza siti maana gari na mafuta ndo gharama kubwa kuliko malazi yenyewe. Na usiku hakuna kuendesha, giza likiingia muwe mmeshafika kambini na hema limesimama.

Asubuhi ya kutoka kunjeni hema mapema kabla ya kwenda kuzunguka, ili mkitoka kuangalia wanyama mnyooshe moja kwa moja getini. Takataka zote ondokeni nazo, na zile karatasi za kibali na risiti za kambi mmoja wenu azishike mkononi, getini watazikagua na kuangalia saa.