Mbolea ya Urea, CAN au SA: ipi ya kukuzia mahindi?

Ukilinganisha bei ya mfuko kwa mfuko, unajipunja. Mahindi yanataka naitrojeni, na mifuko ya kilo 50 haiibebi kwa kiasi sawa: Urea (46%) ina kilo 23, CAN (kalsiamu amonia naitreti, 26%) kilo 13, SA (salfeti ya amonia, 21%) kilo 10.5. Gawanya bei kwa kilo hizo. Tuseme Urea ni sh 70,000 na CAN sh 55,000: kilo moja ya naitrojeni itakugharimu kama sh 3,040 kwenye Urea na sh 4,230 kwenye CAN. Mfuko ulioonekana rahisi ndio ghali.

Lakini unafuu wa Urea ni wa anayeifukia. Ikibaki juu ya udongo wenye unyevu, hugeuka amonia ikapaa hewani. Hatari zaidi ni umande au manyunyu: yanayeyusha chembe, hayazishushi ardhini, kisha jua linawaka. Anayerusha Urea kwa mkono kama anamwaga mtama kwa kuku hajui amepoteza kiasi gani, maana hasara hiyo haionekani.

Palilia kwanza, usilishe magugu. Mahindi yakifika magotini, chimba kishimo cha sentimita 5 kwa kijiti, umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye shina, weka mbolea, fukia. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari ina mashimo karibu 9,000. Mfuko mmoja wa Urea ni gramu 5 na nusu kwa shimo, takriban kizibo cha soda kilichojaa. Pima vizibo kumi kwenye mizani ya duka ujihakikishie. Awamu ya pili iwe kabla ya mbelewele kutoka. Chembe zikidondokea kwenye moyo wa mmea, katikati ya majani machanga, zinaunguza.

CAN inastahili gharama yake pale usipoweza kufukia, au mvua zinaposuasua: nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, mmea unaichukua mara moja. Kwenye udongo wa kichanga wenye mvua kubwa, naitreti hiyo hiyo huzama chini ya mizizi, hivyo igawe awamu ndogo ndogo.

SA huongeza uchachu wa udongo kuliko zote. Kwenye udongo ambao tayari ni mchachu, kama sehemu nyingi za Njombe, usiizoee bila chokaa ya kilimo. Faida yake ni salfa, kirutubisho kingine ambacho mahindi huhitaji. Njano ikianzia majani ya chini, kutoka nchani ikifuata mshipa wa kati kwa umbo la V, ni njaa ya naitrojeni. Yakipauka majani machanga ya juu, huenda ni salfa au zinki, na Urea haitayaponya.

Una Urea na CAN zote mbili? Usizichanganye kwenye ndoo moja. Zinavuta maji na kugeuka uji kabla hujamaliza mistari miwili.