Una siku moja tu Berlin? Yaweke sawa haya kabla hujatoka hotelini

Wengi wanaofika Berlin wameenda kikazi au kwenye semina, halafu wanabakiwa na siku moja ya kwao kabla ya ndege, na hiyo siku ndo inapoteaga kirahisi, maana mtu anaamka saa nne, anaanza kugugo akiwa kitandani, akija kutoka nje mchana umeshaenda. Mimi safari ya kwanza yalinikuta hayohayo. Safari ya pili nilijipanga usiku wa kuamkia, na naandika kwa ajili ya wewe unayeenda sasa hivi.

Kabla ya yote angalia ni siku gani. Jumatatu makumbusho mengi yanafungwa, ya wanyama na mifupa (Museum für Naturkunde) yakiwemo, makumbusho ya Humboldt Forum wao wanafunga Jumanne, na Jumapili maduka karibu yote yanafungwa hadi supamaketi, kwahiyo kama una zawadi za watoto za kununua zimalize Jumamosi. Makumbusho ya Pergamon kila mtu atakutajia lakini yalifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka mingi, usiyapangie bila kucheki. Na msimu nao: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, Juni bado lipo saa tatu usiku, sasa ratiba ya Juni ukiipeleka Desemba utatembelea giza.

Kuba la kioo juu ya bunge lao, Reichstag, kupanda ni bure, ila lazima ujiandikishe mtandaoni mapema, siku kadhaa kabla kama unaweza, jina na tarehe ya kuzaliwa viwe kama vilivyo kwenye pasipoti na hiyo pasipoti uende nayo maana wanaikagua mlangoni. Saa wanazoandika ni za kwao, 09:00 ni saa tatu asubuhi, nasema hivi kwa sababu ukiwa na usingizi wa safari ni rahisi sana kuchanganya na nafasi ikipita imepita.

Tiketi ya treni na basi chukua ya saa 24, zoni AB inakutosha mjini kote, ila uwanja wa ndege wa BER uko zoni C kwahiyo siku ya kwenda huko unahitaji ABC. Halafu hapa sikiliza vizuri: stesheni hazina geti, unaingia tu kama unaingia sokoni, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kile kikasha kidogo kilichosimama pale unaposubiria treni, unaichomeka, inalia krak, inatoka na tarehe na saa. Nilikaa na tiketi niliyoilipia kabisa, haijagongwa, akaja kijana amevaa jaketi la kawaida tu kama abiria mwingine, akatoa kitambulisho, na faini ni euro 60. Kujieleza hakusaidii. Ukinunua kwenye simu hakuna kugonga, ila hakikisha chaji ipo, pawabenki iwe kwenye begi.

Beba na sarafu, vyoo vingi ni vya kulipia, na vibanda vingine vya chakula kadi hawataki. Chakula chenyewe usihangaike, döner (nyama ndani ya mkate) iko kila kona na inashibisha, currywurst (soseji) mara nyingi ni nguruwe kwahiyo kama huli uliza kabla. Viatu vya kutembelea, raba iliyozoea mguu wako, sio mpya.

Sasa wapi pa kwenda. Ushauri wangu ni usitawanyike, shika laini moja ya treni ya chini, U6. Asubuhi anza na Reichstag na Lango la Brandenburg ambavyo viko jirani, kisha tembea kama robo saa mpaka Wilhelmstraße 92, kuna kibao tu pale, jengo lenyewe halipo, lakini ndipo wakoloni walipokaa kuanzia Novemba 1884 mpaka Februari 1885 kwenye ule mkutano wa Berlin tuliousoma shuleni. Usitegemee kitu cha kupigia picha. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama langoni.

Rudi upandie U6 pale Unter den Linden, kituo cha tatu ni Naturkundemuseum, shuka uende kwenye yale makumbusho ya mifupa, humo ndani kuna mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi, yaani yule dinosaria. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, ukisimama miguuni unaona miguu ya mbele imeizidi ya nyuma kwa urefu, shingo inapanda inapanda mpaka kichwa unakitafuta karibu na dari. Mifupa ilichimbwa 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kuna dinosaria alipewa jina lake, Australodocus bohetii, mwaka 2007, karibu karne baadaye. Tenga saa mbili hapa, tiketi kata mtandaoni, kama una watoto ongeza saa moja.

Kitu ambacho mwongozo wa watalii hautakuunganishia ni kwamba vita vya Maji Maji vilikuwa 1905 mpaka 1907, kusini hukohuko, yaani uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya mashamba kuchomwa na njaa kuua watu. Ndo maana ukitoka kwa mjusi usigeuze kurudi mjini, panda U6 ileile kwenda kaskazini, shuka Afrikanische Straße. Mtaa ni wa makazi tu, miti, watu wanarudi na mifuko ya sokoni, na majina ya barabara yanasoma Sansibarstraße, Ugandastraße. Ulizia Maji-Maji-Allee. Mpaka Agosti 2024 ilikuwa sehemu ya Petersallee, jina walilolipa zamani kwa heshima ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Fika kabla jua halijazama ili kibao ukisome vizuri.