Kegi ya mtumba: ipake povu kwanza

Kegi yangu ya kwanza, pipa la chuma la kuwekea bia, la lita 19, niliipata Ngamiani kwa muuza vyuma chakavu. Nje inang'aa, ndani inanuka soda ya zamani. Harufu isikutishe, mipira ya mfuniko na ya vali utabadilisha yote. Cha kuogopa ni kuvuja. Mimi huenda na maji ya sabuni kwenye chupa: tunajaza gesi, napaka povu mdomoni na kwenye vali, nasubiri. Vipovu vikichomoza mdomoni hata kwa mpira mpya, mdomo umepinda. Iache.

Mtungi wa gesi ya kusukuma bia, soma tarehe ya kupimwa iliyogongwa shingoni, kisha uupindue. Chumvi ya hewa yetu hapa Tanga hula kitako kwanza. Geji, ile saa ya kupimia presha, isiyorudi sifuri, mwachie mwenyewe. Mipira ya kupitishia bia? Hata ya bure sichukui.