Gari ya Zamani Imepoteza Nguvu na Inakunywa Mafuta: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Masika iliyopita mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alileta Corolla 110 gerejini kwetu Mbagala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii gari imenichosha."

Akafungua buti, akanionyesha mfuko wa spea zilizokwisha kutolewa: plagi nne, koili na pampu ya mafuta. Zote zilibadilishwa ndani ya mwezi mmoja, na gari bado ilikuwa inazima ikikaribia Tazara. Nikaipima ile koili, nzima. Nikaiunga pampu ya zamani kwenye betri, ikazunguka vizuri tu. Hela ya mwalimu imeondoka, ugonjwa umebaki.

Kesi za namna hii naziona kila wiki na zinaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya vipimo vinavyotakiwa havihitaji mashine ya gharama. Nitakupitisha kwenye utaratibu ninaoufuata mwenyewe kwa gari za petroli za EFI (zinazopuliziwa mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, siyo kabureta) za miaka ya 1990. Namba nitakazotaja ni za injini za Toyota 4A-FE na 5A-FE, zilizojaa mjini hapa. Kama injini yako ni nyingine, mpangilio ni huo huo ila namba uzitoe kwenye kitabu cha gari lako.

Andaa multimita, soketi ya plagi, kipande cha waya, chupa ya kioo yenye mfuniko, geji ya presha ya mafuta na geji ya kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Geji hizi mbili unaweza kuazima kwa fundi mwenzako. Kizima moto kiwe karibu, na asiwepo mtu anayevuta sigara.

Hatua ya 1: Ihoji gari kabla ya kufungua boneti

Swali la kwanza ni tatizo linatokea lini. Gari inayokwenda vizuri kwenye foleni lakini ikipanda mlima wa Kimara haichanganyi, hata ukikanyaga mpaka chini, mara nyingi haipati mafuta ya kutosha au eksozi imeziba. Ikiwa barabarani inakwenda vizuri ila sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka ukisimama kwenye taa, tafuta hewa inayoingia kwa njia za panya. Inayomisi asubuhi baada ya mvua ya usiku, anza na waya za plagi na kofia ya distributa. Na ile inayozima baada ya nusu saa, ukiipumzisha dakika 10 inawaka kama vile hakuna kilichotokea, nitakuja kuieleza kwenye hatua ya mafuta, maana ndiyo iliyokuwa ya mwalimu.

Kama malalamiko ni ulaji wa mafuta, usikadirie kwa mshale. Jaza tenki mpaka bomba la kituo likate lenyewe, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tembea angalau kilomita 100, kisha rudi kituo kile kile ujaze tena mpaka likate. Ukitembea kilomita 112 na ikaingia lita 9.6, gari yako inakwenda kilomita 11.7 kwa lita. Iandike namba yako, utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Soma taa ya cheki injini

Watu wengi wanadhani bila kompyuta taa hii haisomeki. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule kuna kiboksi chini ya boneti chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Fungua, utaona matundu, na upande wa ndani wa mfuniko kuna majina yake. Zima AC na redio, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa itaanza kupepesa.

Ikipepesa haraka haraka bila kusimama, kompyuta haijatunza kosa lolote. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, kisha mara mbili tena, hiyo ni kodi (namba ya kosa) 22: sensa ya joto la maji. Kodi 21 ni sensa ya oksijeni, 24 joto la hewa inayoingia, 31 sensa ya presha ya hewa kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), 41 sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Kodi haikuambii ununue sensa. Inakuambia saketi hiyo ina shida, na mara nyingi shida ni waya uliokatika au soketi yenye kutu ya kijani. Vuta soketi, isafishe, pima, ndipo ufikirie kununua.

Hatua ya 3: Plagi zina maneno

Injini ikiwa imepoa, fungua plagi zote nne na uzipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Ziangalie kwenye mwanga wa jua. Ncha yenye rangi ya kahawia isiyokolea, kavu, ni ya silinda yenye afya. Masizi meusi makavu, yale yanayofutika kwa kidole kama ya kibatari, yanasema petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi lakini imelowa na inateleza, hiyo ni oili. Ncha nyeupe kama chaki inasema mafuta ni kidogo au silinda inachemka mno. Plagi zote nne zikiwa na masizi, tatizo ni la injini nzima, yaani sensa, presha ya mafuta au joto. Moja tu ikiwa tofauti, tatizo ni la silinda ile.

Ili kujua ni silinda gani inayomisi, acha injini kwenye sailensa na uchomoe soketi ya nozeli moja baada ya nyingine, ukirudisha kila mara. Kila silinda nzima ukiikata, injini itashtuka na kupungua mzunguko. Ukichomoa ukaona hakuna kilichobadilika, umemkamata. Tafadhali usichomoe waya za plagi injini ikiwa inanguruma. Umeme wake unarusha mtu, na unaweza kuua koili.

Ukishaijua silinda, hamisha plagi yake kwenye silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza kwa bei ya plagi. Usipohama, hamisha waya. Usipohama tena, pima nozeli kwa multimita: za injini hizi husoma karibu omu 13.8 zikiwa baridi.

Hatua ya 4: Mafuta yenyewe, kisha njia yake

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo twende polepole.

Anza na mafuta yaliyomo. Neno kuchakachua Watanzania wengi tulilizoea kupitia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu hiyo, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha kuweka vinasaba (kemikali za alama) kwenye mafuta ili kuwabana wachakachuaji. Siku hizi kinachonisumbua zaidi gerejini ni maji, hasa wakati wa mvua, na kwa wanaonunua petroli ya dumu. Toa petroli kidogo kupitia paipu ya kurudisha mafuta, jaza nusu ya chupa ya kioo, funga, iweke mahali palipotulia kwa saa moja mbali na jua na moto. Kama kuna maji, utaona mstari uliokatika sawasawa: petroli juu, na chini tone au tabaka jeupe angavu linalokimbia huku na huku ukiinamisha chupa. Ukiliona hilo usihangaike na sensa. Tenki lishushwe, lisafishwe, filta ibadilishwe.

Mafuta yakiwa safi, pima presha. Toa fyuzi ya pampu au chomoa soketi yake, acha injini izime yenyewe ili presha ishuke, ndipo ufunge geji kwenye laini. Rudisha umeme, na kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS unganisha FP na +B, washa swichi: pampu itazunguka bila injini. Geji isome kati ya 38 na 44 psi. Injini ikiwaka na paipu ya hewa ya regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta) ikiwa mahali pake, itashuka kama psi 7 hivi, na hiyo ni sawa. Ukizima, baada ya dakika 5 isiwe chini ya 21. Ikishuka haraka kuna nozeli inayovuja au valvu ya pampu haishiki, ndiyo maana asubuhi unapiga stata ndefu.

Presha ikizidi, au gari ikitoa moshi mweusi, chomoa ile paipu nyembamba ya hewa juu ya regyuleta na uinuse. Ikitoa petroli, ngozi ya ndani imechanika na injini inanyweshwa petroli ya ziada kupitia paipu hiyo.

Presha ikiwa chini, usikimbilie pampu. Kwanza pima volti kwenye soketi ya pampu wakati inazunguka. Kama betri ina volti 12.4 na pampu inapata 10, kosa ni waya, rilei au athi. Kisha badilisha filta ya mafuta. Kisha angalia chujio la ndani ya tenki, lile linalovishwa mdomoni mwa pampu kama soksi.

Gari ya mwalimu, tulipotoa pampu mpya, ilikuwa imevishwa soksi ya zamani. Ilikuwa nyeusi, imekakamaa, nikiibonyeza inatoa tope laini kama la mfereji. Gari ikitembea, tope linavutwa na kuziba soksi, injini inakufa njaa. Ikisimama dakika 10, tope linaanguka, mafuta yanapita, gari inawaka. Soksi mpya na kuosha tenki ndiyo iliyokuwa dawa, na sehemu ndogo sana ya alichokwisha kutumia.

Nilimwomba jambo moja: asitembee na taa ya mafuta imewaka. Najua maisha ya Dar, mtu anaweka ya elfu kumi asubuhi, nyingine jioni. Lakini pampu ya ndani ya tenki inapozwa na petroli inayoizunguka, na tenki likikauka inachemka huku ikivuta uchafu wa chini. Weka robo tenki iwe ndiyo sifuri yako.

Hatua ya 5: Hewa

Filta ya hewa itazame kwa tochi. Kama mwanga haupiti, badilisha. Wanaokaa barabara za vumbi wasisubiri kilomita zilizoandikwa kitabuni.

Paipu za mpira zina kazi zaidi. Baada ya miaka zaidi ya 25 ya joto zinapasuka upande wa chini usioonekana, hasa mpira mkubwa kati ya filta na throto: ukunje kwa mikono uone mikunjo yake. Injini ikiwa kwenye sailensa, pulizia maji kidogo kwa chupa kuzunguka gasketi ya manifodi na viungo vya paipu, mbali na distributa na koili. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Usitumie petroli wala dawa ya kabureta kwenye injini ya moto.

Hatua ya 6: Themostati iliyotupwa

Mjini kwetu gari ikichemka mara moja, themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) inatolewa na kutupwa kwa hoja kwamba Dar ni joto. Ninaipinga tabia hii waziwazi. Themostati za injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo, ukiwa unatembea Bagamoyo Road usiku kukiwa hakuna foleni, maji yanazunguka muda wote na injini haifiki joto lake. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado baridi, kompyuta inaongeza petroli, plagi zinashika masizi, na wewe unabadilisha plagi kila baada ya miezi michache.

Angalia mshale wa joto: baada ya dakika 10 za kutembea ukibaki chini kabisa, shuku hapa. Kisha chomoa soketi ya sensa ya joto la maji na uipime. Kwenye nyuzi 20 iwe kati ya omu 2,000 na 3,000. Injini ikipata moto, nyuzi 80, iwe 200 mpaka 400. Kama gari ilikuwa inachemka, tibu rejeta, feni na mfuniko wake, kisha urudishe themostati.

Hatua ya 7: Eksozi na taiming

Ndani ya eksozi kuna katalitiki, kichujio cha moshi chenye masega. Masega hayo yakiyeyuka au kuvunjika, injini inapumua kwa shida: sailensa nzuri, spidi haipandi. Funga geji ya vakyumu kwenye manifodi na ushike injini kwenye mizunguko 2,500. Mshale ukizidi kushuka taratibu, njia ya moshi imeziba.

Kama nguvu ilipotea mara tu baada ya kubadilisha taiming belti, hakikisha alama zote za taiming zimekaa sawa kabla ya kugusa kitu kingine. Belti ikiruka jino moja tu inatosha kuidhoofisha injini.

Hatua ya 8: Kompresheni

Toa plagi zote, kata nozeli na umeme wa koili, mtu akanyage mafuta mpaka chini, piga stata. Injini mpya hutoa karibu psi 191, kiwango cha chini ni 142, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Silinda ikiwa chini, tia kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi.

Zikiwa zote chini, hapo ndipo ukae na fundi mpige hesabu: kufungua injini, au kuulizia ya mtumba Ilala. Ukienda kununua, nenda na geji yako. Zikiwa nzuri, ondoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta kodi, washa AC, panda Kimara, kisha rudi kwenye kituo kile kile ulichoanzia na ujaze tenki mpaka bomba likate.