Somo: Namna ya kutoa makohozi ya kupimwa TB ili maabara isiyarudishe

Nimechoka kujibu swali hili mmoja mmoja, kwa hivyo naliandika hapa mara moja. Mtu anapewa kikopo kwenye zahanati, anarudi na mate. Maabara inamrudisha, naye analipa nauli ya kutoka Kombewa au Ahero mara ya pili, na siku zote hizo anaendelea kuwakoholea watoto nyumbani. Hapo ana bahati. Mbaya zaidi ni mate yapimwe, jibu lije "hakuna TB" na kumbe ipo.

Kupima TB na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Picha ya kifua ndiyo huenda ukalipishwa, uliza kabla.

Usingoje kikohozi kifike wiki mbili kama tulivyokuwa tukiambiwa zamani. Kikohozi cha muda wowote, jasho la usiku, homa, kupungua uzani: lolote kati ya hayo latosha kwenda kuchunguzwa. Wapo wanaokonda wakaambiwa ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Mizee izungumze yake, lakini kikopo kitangulie.

1. Andika jina na tarehe ubavuni mwa kikopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko hufunguliwa vingi kwa pamoja.

2. Kunywa maji ya kutosha usiku, makohozi yalainike.

3. Ukiamka, kabla ya chai, sukutua kwa maji matupu. Dawa ya meno na ya kusukutulia husubiri. Mabaki ya chakula huharibu sampuli.

4. Toka nje, mahali penye upepo na mbali na watu. Si chooni, si chumbani, si jikoni.

5. Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi niliwahi kuharibu, kwa hivyo soma polepole. Vuta pumzi ndefu hadi kifua kijae, ishikilie kidogo, itoe taratibu. Rudia mara mbili. Mara ya tatu vuta tena, kisha kohoa kwa nguvu kutoka tumboni, si kooni. Kusafisha koo kwa "hm hm" huleta mate, na kamasi ya puani inayoshuka kooni pia si makohozi. Kinachotakiwa ni kizito, kinachovutika, cheupe, cha njano au cha kijani. Mate ni mepesi kama maji, yana povu juu. Weka mdomo karibu na kikopo, utemee ndani bila kugusa ukingo kwa vidole. Kiasi ni kijiko kidogo cha chai, mililita 3 hadi 5. Isipotosha, pumzika kidogo ukohoe tena katika kikopo hicho hicho. Usiongeze mate ili kijae! Ukiona damu usimwage, peleka na umwambie nesi. Na kama kifua ni kikavu kabisa, sema hivyo kituoni. Wana njia nyingine. Kuleta mate kwa aibu ya kurudi mikono mitupu hakumsaidii mtu.

6. Funga kwa nguvu, futa nje, nawa mikono kwa sabuni.

7. Peleka asubuhi hiyo hiyo. Kisimamishe wima ndani ya mkebe wenye kifuniko, ukijazia karatasi pembeni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017, kwa hivyo usitafute visingizio vya mfuko. Usikifungie chini ya kiti cha pikipiki wala kukiacha kwenye dashibodi ya matatu. Joto huwapa bakteria wengine nafasi ya kuzaana wakaharibu sampuli. Ukilazimika kusubiri, weka mahali baridi, si kwenye friza, na isipite saa 24.

8. Acha namba ya simu inayopatikana. Majibu hayamfuati mtu aliyezima simu.

MASWALI

Boda Kondele: Nikipeleka saa nane baada ya githeri kuna noma?
Jibu: Hatua ya 3.

Nyar Dunga: Mtoto wangu ana miaka minne, babake ameanza dawa juzi. Mtoto hajui kukohoa hivyo. Nifanyeje?
Jibu: Pole mama, swali zuri hili. Mpeleke wiki hii, hata kama anacheza vizuri. Walio chini ya miaka mitano huugua haraka na vibaya. Kwa mtoto asiyeweza kutoa makohozi, kinyesi chake chaweza kupimwa kwa mashine ya Genexpert. Akionekana hana TB, ataandikiwa dawa ya kuzuia, na uhakikishe anaimaliza. Chanjo ya BCG aliyopata alipozaliwa humkinga dhidi ya TB kali kama ya utando wa ubongo, lakini haitoshi peke yake. Na wewe pia upimwe, pamoja na wote mnaolala nyumba moja.

Kijana Manyatta: Si ninunue tu antibayotiki dukani? Jirani alipona.
Jibu: Jirani hakuwa na TB, ama bado anayo. Baadhi ya antibayotiki hutuliza TB kwa muda, dalili zinajificha, kisha anarudi akiwa hoi. Tiba ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, mbili kwa minne. Hakuna njia ya mkato.

Kijana Manyatta: Nimeuliza tu.
Jibu: Nami nimejibu tu.

Mwalimu wa Ahero: Nilipimwa mara ya kwanza kwa Genexpert. Mwezi wa pili wakatumia hadubini. Wamekosa mashine?
Jibu: Hapana mwalimu, wako sawa. Genexpert hutafuta vinasaba vya bakteria, na bakteria aliyekufa bado anavyo. Ukiwa katikati ya matibabu inaweza kusema "ipo" wakati dawa inafanya kazi vizuri. Ndiyo maana ufuatiliaji wa mwezi wa pili, wa tano na mwisho hutumia hadubini. Nayo si kamilifu, yaweza kuona wafu. Wakiendelea kuonekana, sampuli hupelekwa kuoteshwa, yaani bakteria wakuzwe maabara, na usugu wa dawa unapimwa. Mwanzoni Genexpert ni bora, maana kwa muda wa saa mbili hivi hutambua TB na kama inasikia dawa ya rifampicin.

Akinyi Nyalenda: Tumtenganishie sahani na kikombe?
Jibu: Haina haja. TB husafiri kwa hewa, si kwa sahani wala kwa kusalimiana. Fungua madirisha, inua mapazia mchana jua liingie, akikohoa afunike mdomo kwa kitambaa au kiwiko. Mnamtenga bure na anaumia moyo.

Nyar Dunga: Mkojo wa mzee umekuwa wa rangi ya chungwa, nimeogopa.
Jibu: Ni rifampicin, si damu. Hata machozi na jasho huwa hivyo. Lakini macho yakiwa ya njano, ama kutapika kusikokoma, arudi siku hiyo hiyo. Na asinywe pombe kabisa, ini limeelemewa tayari. Miguu ikichoma au kufa ganzi aseme, ataongezewa vitamini B6.

Akinyi Nyalenda: Nikiwa kwenye dawa hizo, tembe zangu za uzazi?
Jibu: Rifampicin huzipunguza nguvu, na kijiti cha mkono pia. Sindano ya miezi mitatu au koili haziathiriwi. Mwambie nesi kabla hujaanza.

Fundi Kibuye: Nyongeza: kalamu ya kawaida hufutika kikopo kikilowa mvua. Maka isiyofutika ndiyo dawa.
Jibu: Asante fundi, naongeza kwenye hatua ya 1.

Boda Kondele: Na wanalipisha ngapi?
Jibu: Aya ya pili, bwana.